Tarakimu Sita

Kompyuta mpya ilifika Jumanne ndani ya boksi
jeupe kama jino la mtoto.
Yerko wa dukani alisema: Bi Ercilia,
ni kuiwasha tu, mengine yatakuja yenyewe,
picha, barua, hata orodha ya dawa zako,
yatahama kutoka simuni kama siafu washikao njia.

Nikaiwasha. Valdivia, mvua siku ya kumi na moja,
kuni mbichi zinalia jikoni,
na kule soko la samaki simba-bahari wanabweka
kama watu waliodhulumiwa chenji.

Iliniuliza jina, nikatoa.
Iliniuliza nywila, nikatoa, na herufi kubwa yake,
na ile alama ya mshangao niliyolazimishwa kuiweka
ingawa sikuwa nimeshangaa.
Ikafikiri. Ikazungusha kigurudumu chake.
Kisha ikauliza nisichokitarajia:

*Andika tarakimu sita
za kufungulia simu ya Nolfa.*

Miaka minne sijaulizwa habari za Nolfa.
Padri hukwepa. Jirani akikaribia jina lile
hukumbuka ana chungu motoni.
Nawe, bati la juzi, hujamaliza saa moja mezani,
umejuaje penye kidonda?
Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema;
leo mwenyeji ndiye apigaye hodi kwake
na aliye ndani ni dada yangu.

Akaunti ilikuwa moja, tulipe nusu kwa nusu.
Tulipogombana tuligawana vijiko, tukagawana mablanketi,
kaburi la mama tukalipangia zamu,
akaunti hakuna aliyekumbuka kuipasua.

Na ugomvi wenyewe ni jiko.
Jiko la chuma la mama, miguu minne ya simba,
aliliuza kwa mnunua vyuma chakavu
nami ni hospitalini nawekewa nyonga mpya.
Bei ya jozi ya viatu.
Nilirudi na mguu unaotembea
kwenye nyumba isiyo na moto.

Nikabahatisha. Siku yake ya kuzaliwa: hapana.
Siku aliyokufa mama: hapana.
Hata siku ya harusi yake, ambayo sikuhudhuria.
*Umebakiza majaribio mawili*, ikasema,
kwa adabu ya karani wa benki.

Nikapiga simu.
Punta Arenas upepo husikika kabla ya mtu.
Sikusalimu. Nikasema:
Mashine inataka namba yako.

Kimya. Kisha:
Na yangu inataka yako.
Tangu mwezi jana, kila nikifungua picha.
Nimekuwa nikiifunika kwa kitambaa.

Akataja yake. Ilikuwa ile ya nyumbani,
simu ya ukutani ya baba,
tarakimu sita alizoziandika kwa mkaa kando ya mlango
tusije tukapotea mjini.
Ningeijua. Ningeijua usingizini.
Skrini ikafunguka, picha zikaanza kumiminika,
na mimi sikuzitazama.

Na yako? akauliza.

Yangu.
Yangu niliichagua nikiwa na uchungu mbichi,
siku, mwezi, mwaka jiko lilipotoka mlangoni,
ili kila asubuhi kidole kikumbuke
kabla moyo haujajisahaulisha.
Mara thelathini kwa siku, miaka minne.

Ningeweza kusema nimesahau. Wazee husahau.
Nikazitaja moja moja.
Moja. Tatu. Sifuri. Nane.
Kufikia hapo nilisikia kalamu yake imesimama.
Nikamalizia mbili za mwaka
na kungoja simu ikatwe.

Upepo kwake. Mvua kwangu.

Moja nne, akasema.
Nikasema, hapana, Nolfa, moja tatu.
Ilikuwa tarehe kumi na nne, akasema, Alhamisi.
Kumi na tatu ulikuwa bado hujazinduka na dawa,
nami nimekaa kitini kando yako
nikihesabu bili.

Andika tatu, nikasema.
Namba ni tatu.

Naandika, akasema. Lakini ilikuwa nne.